Tumeuziwa jangwa na watu wasioamini kwamba lina kitu: malalamiko kuhusu safari yetu ya Lodwar

Ndugu wanajukwaa, salamu. Nilingoja majuma mawili kabla ya kuandika, kwa kuwa sikutaka kuandika nikiwa na hasira, lakini hasira imekataa kuondoka, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Wakati wa likizo ya shule mimi na mke wangu tuliwachukua wajukuu wetu wawili kutoka Voi kwa treni hadi Nairobi, kwa basi hadi Kitale, na kwa gari jingine hadi Lodwar, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi kwamba kabla magoti yangu hayajanikatalia kabisa wataliona Ziwa Turkana nikiwa nao. Huko tulipokewa na kampuni moja ya kupanga safari ambayo sitaitaja hapa, maana tayari nimewaandikia barua rasmi. Bei ilikuwa shilingi 112,000 kwa watu wanne kwa siku tatu, nusu ikitumwa kwa M-Pesa mwezi mmoja kabla na nusu ikilipwa mkononi siku ya kufika. Karatasi ya mpango wa safari ilitaja vituo vitano. Tulivifikia vitatu na nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyoniudhi kuliko kile tulichokikosa chote.

Kituo cha kwanza kilipaswa kuwa nyumba aliyokaa Jomo Kenyatta alipohamishiwa Lodwar mwaka 1959, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, hadi alipopelekwa Maralal mwaka 1961. Kwa miaka 31 nimeliandika jina la Lodwar ubaoni kwa chaki bila kuuona mji wenyewe. Dereva, ambaye tuligundua kwamba ndiye pia "mwongozaji mzoefu wa historia" aliyetajwa kwenye karatasi, alipita njia nyingine kabisa, na nilipomkumbusha akanijibu kwa upole, "Mzee, pale hakuna kitu, ni nyumba tu." Naomba msomaji alishike neno hilo, kwa sababu tulilisikia siku zote tatu.

Kuhusu sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono juu ya kilima kinachoutazama mji, sina neno. Watoto walipanda, wakapiga picha, wakashuka wakiwa wekundu kwa jua. Kilima hakihitaji mwongozaji.

Siku ya pili asubuhi tulishika barabara ya Kalokol, ambayo ni mwendo wa kama kilomita 60. Kando ya barabara hiyo kuna Namoratunga, nguzo za mawe meusi zilizosimikwa na watu wa kale, nazo zilikuwa kituo cha tatu kwenye karatasi yetu. Gari lingezipita kama si mke wangu kupiga kelele. Tulisimama dakika nne, injini ikiunguruma, dereva mkono mmoja kwenye usukani. Mjukuu wangu mdogo alipouliza ni nani aliyeyaweka mawe yale, aliambiwa, "Ni watu waligeuka mawe. Basi, hakuna kitu kingine."

Hakuna kitu! Jina lenyewe kwa Kiturkana hufasiriwa kuwa watu wa mawe, na hadithi ya wachezaji waliogeuzwa mawe kwa sababu ya kumcheka mgeni ingetosha kumshika mtoto wa miaka tisa mdomo wazi kwa nusu saa, kama kungekuwa na mtu wa kuisimulia. Mwaka 1978 watafiti wawili walichapisha hoja kwamba nguzo hizo 19 zilipangwa kwa kufuata nyota zinazotumika katika kalenda ya watu wa jamii ya Wakushi. Wengine wakaja kuipinga hoja hiyo, na mabishano hayo peke yake ni somo zima. Kisha mwaka 2018 yakatangazwa matokeo ya uchimbaji wa Lothagam, mahali pengine penye nguzo katika upande huu huu wa ziwa, ambapo chini ya jukwaa la mawe walikuwa wamezikwa watu wasiopungua 580, kiasi cha miaka 5,000 iliyopita, na wazee, watoto, wanawake na wanaume walizikwa pamoja bila dalili kwamba baadhi walitukuzwa kuliko wengine. Wafugaji wa mwanzo wa eneo hili walijenga makaburi ya pamoja ya namna hiyo kabla ya kuwapo mfalme yeyote wa kuwaamuru. Nililazimika kuwaeleza watoto haya garini, huku nikikatizwa na redio ya dereva.

Simlaumu kijana yule kwa kutojua. Hakufundishwa. Namlaumu aliyenitoza fedha za mwongozaji akanipa dereva, akampa dereva huyo mshahara wa mtu mmoja kwa kazi ya wawili.

Sasa nije kwenye ile nusu. Karatasi ilisema kwamba tutavuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Kati, tutashuka, na tutapanda kuyaona maziwa matatu yaliyomo ndani ya kasoko zake, yaani mashimo ya volkano: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Ilisema pia, kwa herufi nzito, kwamba ada zote za hifadhi zimejumuishwa. Tuliambiwa mashua itatungoja saa moja asubuhi. Ilifika saa tano kasorobo. Kabla hatujapanda, dereva akaniomba ada ya kuingia kisiwani, taslimu, pale pale mchangani. Nikamweleza kwamba nimeshalipa, na kwamba ada za hifadhi za taifa siku hizi hulipwa kupitia eCitizen na mtu hupewa stakabadhi, kwa hiyo anionyeshe stakabadhi yangu. Alikwenda pembeni akapiga simu, akarudi akasema mambo yako sawa.

Hayakuwa sawa. Ndani ya mashua tulikuwa watu saba na jaketi za kuokoa maisha zilikuwa tatu, moja yake ikiwa imevunjika kishikizo na kufungwa kwa uzi wa wavu. Watoto walivaa zile mbili nzima, mke wangu akavaa iliyofungwa uzi, nami nikapanda bila jaketi, jambo ambalo ni kosa langu na ninalikiri, kwa sababu ningepaswa kuwashusha wote na kurudi mjini. Kila anayelijua Ziwa Turkana anajua kwamba upepo wake huinuka ghafla na kwamba mamba wake si wa kwenye picha. Tulipokaribia kisiwa, karibu kiasi cha kuona ndege wametua kwenye miamba, nahodha alianza kukizunguka badala ya kuelekea ufukweni. Nilipomuuliza, nahodha huyo, kijana mstaarabu, aliona haya. Alisema aliyemkodi amemwagiza azunguke tu, asishushe mtu, kwa kuwa hakuna aliyelipiwa kuingia. Basi tukazunguka. Maziwa matatu yakabaki upande wa pili wa ukingo, na mjukuu wangu mkubwa akauliza kama tumefika. Wakati wa kurudi mawimbi yalikuwa yakiingia ndani, na msaidizi wa nahodha akawa anayatoa maji kwa dumu lililokatwa.

Eliye Springs tulifika saa kumi na moja jioni badala ya saa saba, kwa hiyo chakula cha mchana kilichoahidiwa kikageuka biskuti. Hata hivyo chemchemi zenyewe, maji ya uvuguvugu yanayotoka mchangani chini ya mikoma hatua chache kutoka ziwani, zilinituliza kidogo. Mama mmoja muuza vikapu aliwafundisha watoto kupasua jani la mkoma kwa ukucha wa kidole gumba, akawaonyesha ulipokuwa ufuo kabla ya ziwa kupanda miaka hii ya karibuni. Katika dakika kumi tulipata kwake zaidi ya tuliyoyapata kwa siku tatu. Dereva akaja akitingisha funguo: "Mzee, twende, giza linaingia, hapa hakuna kitu kingine." Yule mama hakuinua uso kutoka kwenye kikapu chake. Alimuuliza kwa Kiswahili, ili nasi tusikie, "Kwa hiyo sisi si kitu?"

Kuna jambo la mwisho, la tangazo lao. Juu kabisa wameweka picha ya mifupa ya binadamu wa kale anayeitwa Mvulana wa Turkana na maneno "Urithi wa Dunia". Mjukuu wangu aliulizia mifupa hiyo tangu Kitale. Hakuna aliyemwambia kwamba iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, mbali upande wa kaskazini ambako hatukupangiwa kwenda, wala kwamba mifupa yenyewe imehifadhiwa Nairobi, mji tuliopita tukiwa njiani. Hadhi ya Urithi wa Dunia ni ya kweli, hifadhi za ziwa hili ziliipata mwaka 1997, na tangu 2018 ziko katika orodha ya zilizo hatarini. Lakini imetolewa kwa visiwa na kwa hifadhi ya Sibiloi, na mtu asiyekulipia kuingia kisiwani hana haki ya kuitumia kupandisha bei yake.

Jibu la kampuni lilikuwa mistari miwili: wanasikitika kwa usumbufu, na watanipunguzia asilimia 10 nikisafiri nao tena. Ninachodai ni fedha za mashua, fedha za ada ambayo haikulipwa na fedha za mwongozaji, na stakabadhi ya kila kilicholipwa kwa niaba yangu. Jaketi tatu kwa watu saba nitaziripoti kwa wanaohusika na usalama wa vyombo vya majini, iwe nimerudishiwa fedha au sijarudishiwa.

Tutarudi Desemba, maana watoto hawajaona maziwa yale. Mwenye kumjua nahodha wa Kalokol aliye na jaketi za kutosha, ambaye naweza kumlipa mwenyewe bila dalali, na mwenyeji anayeweza kutukalisha saa mbili Namoratunga akasimulia, tafadhali aniandikie faraghani.