Vichekesho vya mapenzi vya Hollywood ya kale: mgeni aanze na ipi kati ya hizi tatu?

PaziaLaKati: Wakuu, kwa mtu ambaye hajawahi kugusa sinema za nyeusi na nyeupe, mezani zipo *Trouble in Paradise* (1932, dakika 83), *It Happened One Night* (1934, dakika 105) na *The Shop Around the Corner* (1940, dakika 99). Ya kwanza na ya mwisho ni za Ernst Lubitsch, ya kati ni ya Frank Capra. Hoja iwe utani wa chini kwa chini, umaarufu tuuache pembeni.

FundiReli: 1932, haina mjadala. Inafunguka usiku, Venice: mzoa taka anabeba pipa, analimwaga ndani ya gondola, anaondoka akiimba *O Sole Mio*. Mji wa wapendanao umeshavuliwa nguo kabla hujaona mpenzi hata mmoja. Kisha mlo wa usiku. Gaston na Lily ni wezi, kila mmoja anajifanya mtu wa ukoo mkubwa. Gaston anamtikisa Lily mpaka pochi inadondoka. Wanaketi, wanaendelea kula. Anamrudishia bruchi yake. Lily naye anamrudishia saa. Wametulia kama watu wanaopasiana chumvi. Ukanda wa soksi Gaston anaomba abaki nao. Lily anapapasa pajani, haupo, anamrukia shingoni. Wizi wenyewe ndio kutongozana.

BibiMkasi: Sawa, lakini mgeni mwenye simu mkononi hayo yote yatampita. Aanze na 1934, hadithi inamvuta yenyewe: binti wa tajiri anamtoroka baba yake, anapanda basi kutoka Miami kwenda New York, anakutana na Peter, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Chumba kimoja, vitanda viwili, katikati blanketi juu ya kamba. Zawadi ya kumpata binti ni dola 10,000, ila Peter anamwendea mzee kudai dola 39.60 alizotumia njiani, basi. Ankara hiyo ndiyo barua ya mapenzi, na baba mtu anaisoma hivyo hivyo.

PaziaLaKati: Mbona basi ya 1932 haijulikani kama ya 1934?

FundiReli: Kanuni za maadili za Hollywood zilianza kubana kweli kweli Julai 1934. Ya Capra ilikuwa imeshatoka Februari, na blanketi lake liliifanya ionekane na adabu. Ya Lubitsch ilinyimwa kibali cha kurudishwa sinema mwaka 1935, ikafungiwa kwa miongo.

SautiYaPembeni: Yoyote mtakayoichagua, angalieni TV kwanza. Picha hizi ni karibu mraba, wekeni 4:3. Ukiiacha ijaze kioo, ama nyuso zinatanuka ama juu na chini panakatwa, na kwa Lubitsch mkono uliokatwa ni kichekesho kilichopotea. Tafsiri ya maandishi ikitangulia mdomo wa mwigizaji, utani unafichuka kabla ya wakati: kwenye VLC, programu ya kuchezea video, katika kompyuta ya Windows bonyeza H, kila mbonyezo unachelewesha milisekunde 50. Kopi za DJ anayesimulia juu ya mazungumzo kaeni nazo mbali. Kwa sinema za ngumi hazina neno. Lakini 1932 kuna mahali kamera inaikazia saa tu, usiku unayoyoma, na watu tunawasikia bila kuwaona. DJ akiujaza ukimya ule, umebakiwa na tangazo la saa.

BibiMkasi: 😂 Kweli hapo.

KaratasiYaBarua: Mmeiruka ya 1940 kama haipo! Duka Budapest, wafanyakazi wawili hawaivani, kumbe ndio wanaoandikiana barua za mapenzi bila kujuana. Mtazameni Pirovitch, mfanyakazi mwenzao: bosi akiomba tu maoni ya kweli, mzee huyo anapotea ngazini. Halafu sanduku la posta 237. Kamera iko upande wa ndani. Mkono wenye glovu unaingia, unapapasa, hamna barua. Ndipo uso wa Klara, mmoja wa wale wawili, unachungulia kwenye tundu. Hakuna anayecheka pale.

FundiReli: Hiyo siibishii. Ila aiweke ya tatu, dada.