Fire Emblem ya Roy: ugumu tunauweza, ila sheria za kufichwa ni uonevu mtupu

Wakuu, salama? Uzi huu ni wa Fire Emblem: Fūin no Tsurugi, gemu ya vita vya zamu kwa zamu ambayo shujaa wake ni Roy, ile ya Game Boy Advance (kifaa cha gemu cha mkononi cha Nintendo) ya mwaka 2002. Ilitolewa kwa ajili ya Japani tu, kwa hiyo wengi wetu tunaicheza kwa emyuleta (programu inayoiga kifaa hicho) kwenye simu, na maandishi ya Kiingereza yaliyotafsiriwa na mashabiki. Mnaokuja na "cheza tu utazoea", tulieni kwanza. Tumeshazoea, ndiyo maana tunalalamika.

Ugumu si kesi. Ukikubali kucheza gemu ambayo askari akifa amekufa jumla, umejua unachokitafuta. Kesi ni kwamba gemu hii inakuhukumu kwa sheria ambazo haijawahi kukusomea.

Chukueni mwisho wake. Unamaliza sura ya 22, hadithi inafungwa, majina ya waliotengeneza yanapita, basi. Kumbe zimebaki sura tatu na hujaziona, kwa sababu kuna sura ya ziada uliikosa huko nyuma au kuna silaha takatifu ulivunja. Silaha hizo zina matumizi 20 tu kila moja. Upanga wa Durandal, mojawapo ya silaha hizo, unaupata mapema kabisa, baada ya sura ya 8, na una nguvu ya ziada dhidi ya majoka. Halafu ramani zinaanza kukuletea wapanda majoka makundi kwa makundi. Nani atauacha mfukoni? Unautumia, unavunjika, gemu inanyamaza kimya, na unakuja kulipa zaidi ya sura kumi mbele. Ushauri kwa anayeanza leo: kila silaha takatifu ikibakiwa na matumizi mawili, iwekeni ghalani na msiiguse tena.

Sasa sura ya 14, ambayo peke yake inastahili uzi wake. Ni jangwa, na juu yake kuna ukungu, kwa hiyo huoni adui mpaka akufikie puani. Farasi wanazama mchangani, wenye deraya nzito ndio usiseme. Wachawi wanatembea kama kawaida, wapanda majoka wa adui wanaruka tu. Chini ya mchanga kuna hazina zimezikwa: askari wa aina ya mwizi akisimama juu ya mraba wenyewe wa ramani anaipata bila shaka, mwingine anategemea bahati yake. Na hapohapo unakabidhiwa Sophia, mchawi wa levo 1. Levo 1 kwenye sura ya 14! Pigo moja la mkuki wa mpanda joka na habari yake imekwisha.

Sharti la sura ya ziada inayofuata, yenye kitabu cha uchawi cha Forblaze (silaha takatifu nyingine), ni Sophia awe hai na umalize ndani ya zamu 25. Hilo halijaandikwa popote kwenye skrini. Kwa hiyo gemu inakuvuta uchimbe hazina taratibu, inakupa mtu wa kubembeleza kama yai, na wakati huohuo inahesabu zamu kisirisiri. Kinachofanya kazi: Sophia asipigane kabisa. Mbebeni kwa mtu anayeruka, ashushwe nyuma ya mstari na azungukwe pande zote nne. Mwizi atangulie, kwa sababu wezi huona mbali zaidi ndani ya ukungu. Na hazina mzifuate zile zilizo njiani mwa Roy tu.

Maana Roy lazima afike mwenyewe. Karibu kila sura inaisha kwa Roy kukikalia kiti cha bosi, hakuna mwingine anayeruhusiwa. Roy ana hatua 5, anatembea kwa miguu, na ramani ni kubwa kama mashamba ya mkonge. Unamaliza maadui wote, kisha zamu saba zinazofuata ni kumsindikiza bwana mdogo. Isitoshe, hapandi daraja (kuwa askari wa ngazi ya juu zaidi) mpaka sura ya 21 iishe. Akifika levo 20 kabla ya hapo, kila adui anayemuua ni uzoefu uliomwagwa chini. Wapeni wengine hao maadui.

Halafu kuna asilimia. Hapa ndipo watu wanapogombana na simu zao bure. Namba ya kupiga unayoiona si nafasi halisi. Gemu inachota namba mbili kati ya 0 na 99, inachukua wastani wake, ndipo inalinganisha na ile ya kwenye skrini. Matokeo yake 90 kwa kweli ni 98.1, 80 ni 92.2 na 70 ni 82.3. Upande wa chini inageuka: 30 inakuwa 18.3, na 20 inakuwa 8.2. Lakini pigo la hatari, lile linalozidisha madhara mara tatu, linatumia namba moja tu. Kwa hiyo adui mwenye 10 ya kupiga anakupata kwa 2.1, ila mwenye 10 ya pigo la hatari ni 10 kweli. Namba mbili kwenye kisanduku kimoja, zinahesabiwa kwa mizani mbili tofauti, na hakuna anayekwambia.

Hesabu ya bosi kitini ndiyo hii. Shoka la chuma lina 65 ya kupiga. (Kwenye gemu iliyofuata, 2003, walilipandisha hadi 75, maana yake wenyewe waliona aibu.) Mpigaji mwenye ustadi 6 na bahati 4 anaongeza 12 na 2, jumla 79. Bosi mwenye kasi 5 na bahati 4 anakwepa 14, na kiti kinamwongezea 30. Unabaki na 35 kwenye skrini, ambayo halisi ni 24.85. Mapigo matatu kati ya manne yanapita hewani, huku kiti kinamponya kila zamu. Acheni mashoka kwa bosi wa kitini, pelekeni upanga au uchawi.

Na vikosi vya ziada: vinatokea zamu ya adui inapoanza, vinatembea na kupiga papo hapo. Hujaviona, havikuwepo, na mganga wako amekufa. Ukisimamisha mtu juu ya ngazi au ngome vinakotokea, havitoki. Lakini utajuaje ni ngazi ipi kama hujafa mara ya kwanza?

NYONGEZA: Naona hoja mbili zinarudiwa hapo chini.

Ya kwanza, "tumia mwongozo". Mwongozo ukiwa lazima, hilo ni kosa la gemu, si la mchezaji. Sura ya 16 kuna Douglas, jenerali wa adui, na akifa unaikosa sura ya ziada yenye Aureola, silaha takatifu nyingine. Yeye anakuja kukupiga, na askari wako wanajibu wenyewe kwa zamu ya adui. Njia mojawapo ni kuwavua silaha wote walio karibu naye. Nani angebuni hilo peke yake?

Ya pili, "ukikosa, zima na uwashe". Haisaidii. Ukiendelea kutoka ulipoahirisha, namba za bahati zinabaki zilezile, na pigo lilelile litakosa tena. Badilini mpangilio: mtu mwingine apige kwanza. Au choreni mshale wa njia kwa kuzungukazunguka mpaka gemu ilazimike kuunyoosha, hapo namba zinachotwa na foleni ya namba hizo inasogea.

Wenye orodha kamili ya zamu za vikosi vya ziada kwa kiwango kigumu, wekeni hapa, sura kwa sura.