Naombeni ushauri: mke wangu amenusurika bakteria sugu, ila nguvu hazirudi

Wakuu, habari za jioni. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, kidonda kikaanza kutoa usaha. Akachomwa sindano za antibiotiki (dawa ya kuua bakteria) iitwayo seftriaksoni, homa haikushuka. Usaha ulipooteshwa maabara, ikaonekana bakteria sugu aina ya klebsiela, wale wanaotengeneza kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya seftriaksoni. Akahamishiwa antibiotiki nyingine, meropenemu kila baada ya saa 8, pamoja na amikasini. Bei yake acheni tu, ndugu walichanga. Namshukuru Mungu, yuko hai na kidonda kimefunga.

Sasa yuko nyumbani, lakini akitoka tu hadi bombani anahema, na masikio yanavuma. Najua amikasini inaweza kudhuru usikivu na figo. Mliopitia haya, mlirudia vipimo vya figo? Masikio yalitulia yenyewe au kuna tiba mlipewa? Na chakula gani kilirudisha nguvu, maana uji vijiko viwili tu anasema ameshiba?

Jingine linaloninyima usingizi: jirani anasisitiza tununue amoksilini dukani "kumalizia mabaki". Mimi sitaki kabisa, dawa za kubahatisha ndizo zinazofuga usugu huu. Ila mama mkwe anamwamini sana huyo jirani. Nimwelezeje bila kumvunjia heshima?