Mjadala: Tovuti iruhusiwe kugusa kifaa ulichochomeka kwenye USB?

Mwalimu wa kompyuta, Moshi:
Wadau, habari za jioni. Nafundisha sekondari huku Majengo. Kompyuta za maabara yetu zimefungwa: bila nywila ya msimamizi huwezi kusakinisha chochote. Flashi nazo zimezuiwa kwa sababu ya virusi. Sasa tuna vibao vya micro:bit, yaani kompyuta ndogo za kujifunzia zenye vipimo kama cha jotoridi, na njia pekee iliyobaki ni kivinjari. Mtoto anafungua Chrome, anachomeka kibao kwa waya, ukurasa unaomba ruhusa, anachagua kibao chake kwenye orodha, na programu aliyoiandika inaingia hapo hapo. Akipasha kibao joto kwa viganja, anaona mstari wa jotoridi ukipanda kwenye skrini. Kwa mtoto ambaye hajawahi kugusa kipimo chochote cha maabara, hilo si jambo dogo.

Njia hiyo inaitwa WebUSB. Chrome imekuwa nayo tangu 2017. Vivinjari vya Firefox na Safari havina: Mozilla, wenye Firefox, inaihesabu kuwa ni ya hatari, na Apple, wenye Safari, mwaka 2020 iliiweka kwenye orodha ya mambo 16 iliyoyakataa, ikihofia tovuti zitawatambua watu kwa vifaa vyao. Mwenzangu ofisini anataka tuizime shule nzima. Mimi nakataa. Tovuti haijifungulii mlango yenyewe: lazima iwe ya HTTPS (muunganisho uliofichwa kwa siri), mtu abonyeze kitufe, kisha achague kifaa kimoja kwa jina lake. Kibodi, kipanya, flashi, kamera na kisoma kadi haviguswi kwa njia hii. Nyie mnasemaje?

Fundi simu, Kilombero, Arusha:
Mwalimu, shikamoo. Nakuheshimu, ila hapa tunapishana. Hilo swali la ruhusa unaloliamini, mimi naona matokeo yake mezani kwangu. Alikuja dada mmoja, simu imejifunga. Alikuwa amekuta ukurasa unaoahidi kuharakisha simu ukiichomeka tu kwenye kompyuta. Ukurasa ukamwelekeza agonge namba ya toleo kwenye mipangilio ya simu mara 7, awashe USB debugging (mpangilio wa mafundi unaoiacha kompyuta iiamuru simu), achague simu kwenye orodha ya Chrome, kisha akubali swali linalotokea kwenye simu. Vizuizi vyote hivyo, na dada amevipita vyote, maana ukurasa ulimshika mkono hatua kwa hatua. Nilikuta programu isiyo na alama yoyote kwenye skrini, inasoma meseji zake. Ukijua pesa za watu ziko kwenye simu, utaelewa kwa nini sikulala vizuri usiku ule. Mtu akiona "Ruhusu" anabonyeza ili kazi iendelee. Ulinzi unaotegemea jibu la mtu asiyeelewa swali si ulinzi.

Mtaalamu wa mifumo, Njiro:
Naongezea kwa fundi. Mwaka 2018 watafiti walionyesha hata ufunguo wa usalama wa YubiKey NEO, kijiti cha USB cha kuthibitisha kuwa ni wewe unapoingia kwenye akaunti, ungeweza kuchezewa. Ufunguo ule umeundwa ujibu tovuti halisi tu, lakini kwa kupitia WebUSB tovuti ya kughushi iliweza kuuliza na kupata jibu. Chrome walilifunga tundu, sawa. Ila orodha ya "haviguswi" uliyoitaja, mwalimu, ni orodha ya vilivyokwisha kufikiriwa.

Mwanafunzi wa chuo, Sakina:
Micro:bit si inakubali kuburutiwa faili kama flashi? WebUSB ya nini?

Mwalimu wa kompyuta, Moshi:
Inakubali, mdogo wangu, ila nimesema flashi zimezuiwa, na kompyuta inakiona kibao kile kama flashi. Nikifungua njia hiyo, narudisha virusi vilevile tulivyohangaika navyo muhula mzima.

Mama wa steshenari, Double Road, Moshi:
Mmesahau swali langu. Ruhusa ni ya nani? Kompyuta ni yangu, mteja ndiye anayebonyeza. Kifaa chenye namba yake ya utambulisho, Chrome inaikumbuka ruhusa hata kikichomolewa. Akirudi kesho na simu ileile kwa kazi nyingine, tovuti ile haihitaji kumwomba tena. Akidhurika atakuja kulia kwangu, si kwa Google.

Mwalimu wa kompyuta, Moshi:
Mama, hapo umenigusa. Nilikuwa nawaza mashine yenye mwenyewe mmoja, na mashine nyingi za mji huu hazina mwenyewe mmoja. Fundi, suala la dada yule nalo silipuuzi. Nabadilisha msimamo kidogo: kwenye mashine za pamoja WebUSB ifungwe, kisha msimamizi afungue kifaa kimoja kwa tovuti moja. Chrome ina mpangilio huo kwa ajili ya mashine zinazosimamiwa. Shuleni naweza kuruhusu micro:bit kwa ukurasa wa programu zetu pekee, na simu yoyote itakayochomekwa isionekane kabisa.

Fundi simu, Kilombero, Arusha:
Kwa shule yako nakubali. Kwa kompyuta za nyumbani bado nasema izimwe tangu inapotoka dukani, na anayeihitaji aiwashe mwenyewe.

Mama wa steshenari, Double Road, Moshi:
Na mimi msimamizi wangu ni nani? Hapa tuko mimi na binti anayepiga fotokopi.

Mwalimu wa kompyuta, Moshi:
Jumamosi baada ya saa sita nitapita, mama. Nywila ya msimamizi iwe tayari.