Kitambaa kimeanguka mchangani, kakikung'uta MARA MBILI, karudi nacho kwenye boneti!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mnivumilie.

Mnamjua. Sitamtaja wala sina haja, kila mtaa una wa kwake na wote ni yeye yule. Yule wa mabuti ya mvua mpaka magotini, mpira wa maji begani kama mkuu wa zimamoto, akiona gari jipya anakuja mbio: "Bosi, hili niachie mimi." Leo nimemwachia.

Gari lina miezi minne. Miezi minne nimelibeba kama yai. Kabla ya kuegesha natazama kwanza juu, mti ukiwa na ndege nahama. Naosha mwenyewe, ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia glavu, naanza paani nashuka, matope ya chini ya milango yanakuja mwisho kabisa. Taulo zake nafua peke yake, hazichanganywi hata na soksi zangu. Mke wangu ameshasema akizaliwa tena anataka azaliwe boneti. Leo mgongo umekaza, nikasema nipeleke kwa watu mara moja tu. MARA MOJA.

Alianza vizuri, sitamsingizia. Akapiga maji. Halafu sabuni ya unga. Nikameza mate. Sabuni ile inaondoka na nta yote niliyopaka wiki iliyopita, lakini nikajisemea Mungu si Athumani, nta itapakwa tena. Halafu akatoa kitambaa. Wakuu, kitambaa kile zamani kilikuwa fulana ya kola. Kola ipo. Na kifungo kimoja kipo!

Kikamponyoka. Kikaanguka mchangani, kimelowa chapachapa. Akakiangalia. Akaniangalia. Akakiokota, akakikung'uta mara mbili, pa, pa, kama anafukuza nzi, AKARUDI NACHO KWENYE BONETI. Tena kwa duara! Anazungusha mchanga juu ya boneti langu kama anasugua sufuria lililoungua.

Nikapiga kelele: "Kaka, mchanga huo!" Mnajua kanijibu nini?

"Bosi, si nimekikung'uta?"

SI NIMEKIKUNG'UTA.

Ile vanishi ya juu ya rangi unene wake ni kama mikroni 40 au 50 hivi, unywele wa kichwa chako mara nyingi unaizidi. Ndiyo peke yake inayosimama kati ya jua na rangi, na ikikwanguka haioti tena kama ukucha. Nimelitoa juani, boneti zima mikwaruzo midogo ya duara kama utando wa buibui. Nikisogea kushoto buibui anasogea na mimi.

Na kinachoniuma zaidi ni kuniangalia. Kitambaa kiko chini, tumetazamana macho kwa macho, kila mtu anajua mwenzake anajua, na bado akakiokota.

Naishia hapa nisije nikatukana. Na msiniambie pole.

Mzee wa Breki: Pole.

Kipofu Mwenye Miwani: Nimesoma mpaka mwisho nikijua kuna mtu kagongwa. Kumbe fulana.

Ndoo Mbili: Nacheka lakini inauma. Mkuu, pitisha ukucha taratibu. Kama haukwami, polishi ya mashine itatoa. Ila kumbuka polishi nayo inakula hiyohiyo vanishi, usiifanye mchezo wa kila mwezi. Ukimaliza paka nta upya, ya karnauba, ile inayotokana na majani ya mnazi fulani, inapendeza ingawa juani haimalizi miezi mingi. Seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ikakauka ngumu, ndiyo inakaa miaka.

Fundi Mng'aro: Gari lingekuwa na seramiki hata angefuta na msasa lisingestuka. Mleta uzi njoo chemba, tuongee faragha.

Ndoo Mbili: Acha uongo. Seramiki inafanya maji yateleze na uchafu usishike sana, mchanga wa kusuguliwa haiuwezi. Na ukiipaka juu ya mikwaruzo bila kupolishi umeifungia humo ndani na kufuli.

Shangazi Gia: Wenzio tuna makubwa. Mimi nilimkuta mtu anatoa kinyesi cha kunguru kwa stilwaya. STILWAYA ya kusugulia masufuria! Kakazana mpaka ulimi uko nje. Kinyesi chenyewe kina asidi, kilikaa juani siku mbili, alama ilishaingia. Angekilaza kitambaa chenye maji juu yake dakika kumi kingelainika kitoke taratibu. Sasa nina alama ya kunguru na alama ya stilwaya, kama mhuri na sahihi.

Mleta uzi: Shangazi nakuheshimu, lakini wako hakukuangalia machoni. Wangu aliniangalia.

Shangazi Gia: Wangu alikuwa anaimba.

Mbeba Koti: Mnalia na fulana. Huku nilipo baridi ikianza wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, inaingia chini ya gari usikokuona, ukija kuinama vyuma vimeshaanza kutu. Kila wiki nalala chali kupiga maji uvungu wa gari, vidole vinakufa ganzi. Boneti? Boneti sijalikumbuka tangu mwaka uanze.

Kipofu Mwenye Miwani: Rudi nyumbani tukupe mtu mwenye fulana.

Kizee Hakizeeki: Langu lina miaka 19. Linaoshwa na mvua.

Ndoo Mbili: Mvua haioshi mkuu, inalainisha vumbi, ikikauka inakuachia madoa.

Kizee Hakizeeki: Hayo madoa ndiyo yameshikilia bampa.

Mzee wa Breki: Mleta uzi, kwenye tairi alipaka nini?

Mleta uzi: Dizeli. Kapuliza dizeli ati zing'ae.

Mzee wa Breki: Na ukanyamaza? Dizeli inaharibu mpira!

Mleta uzi: Nilikuwa naangalia boneti mzee wangu. Alikuwa kakishika kile kitambaa bado.

Fundi Mng'aro: Leta picha.

Mleta uzi: Hiyo hapo. Angalieni upande wa kushoto, kuna duara saba, nimezihesabu.

Kipofu Mwenye Miwani: Duara sijaziona. Ila kupitia kioo naona viti bado viko kwenye nailoni. Miezi minne??

Mleta uzi: Hiyo ni kinga.

Shangazi Gia: Baba, mchana wa jua unakaaje humo? Unashuka na ngozi au unaiacha?

Mleta uzi: Tusitoke nje ya mada. Kitambaa kilianguka MCHANGANI.

Mzee wa Breki: Mjomba wangu remoti ya televisheni iko kwenye nailoni tangu ainunue. Namba zimefutika, nailoni iko palepale. Kubadilisha chaneli anabonyeza kwa imani.

Mbeba Koti: Kwenye baridi nailoni ya kiti inakakamaa, ukikaa inalia kama chipsi. Mimi nilitoa siku ya pili.

Kizee Hakizeeki: Gari langu halina nailoni. Halina na kiti cha nyuma.

Mleta uzi: Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyeona duara?

Shangazi Gia: Hebu kwanza, kuna anayejua dawa ya paka? Wa jirani analala juu ya boneti kila usiku kwa sababu ya joto la injini, asubuhi nyayo za vumbi mpaka kwenye kioo, na akishuka anashuka kwa kucha.

Ndoo Mbili: Usifute hizo nyayo zikiwa kavu! Mwagia maji kwanza.

Shangazi Gia: Nimeuliza dawa ya paka, sijauliza dawa ya nyayo.

Kipofu Mwenye Miwani: Muombe mleta uzi nailoni zake, utandaze.