Diski za breki zinashika kutu gari likilala karibu na bahari: naomba ushauri

Mkaaji wa Raskazone
Waungwana, salaam. Ninaishi Tanga, hatua chache kutoka baharini, na kazi hunisafirisha wiki mbili hadi tatu kila mwezi huku gari langu, Toyota RAV4, likibaki uani bila kuguswa. Kila nirudipo nakuta diski za breki zimegeuka rangi ya udongo mwekundu, na mara ya mwisho gari liligoma kuondoka mpaka niliposikia kishindo nyuma, kama kitu kilichobanduka. Fundi mmoja amenishauri nizipake grisi kabla ya kusafiri, kisha nizifute nikirudi. Moyo umekataa, ila sina hoja ya kumjibu.

Fundi Mstaafu
Ndugu yangu, usithubutu. Diski ni chuma cha kusubu, na uso unaobanwa na padi, yaani vile vipande vinavyoishika diski ukikanyaga breki, lazima uwe mtupu ili breki zishike. Padi ikishanyonya grisi haisafishiki tena, ni ya kutupwa. Kutu nyembamba ya usiku mmoja isikusumbue, kwani padi zenyewe huikwangua ukikanyaga breki mara chache. Kinachokuumiza ni gari kusimama muda mrefu likiwa na unyevu wa chumvi, kwa sababu hapo kutu huchimba vishimo na kuacha alama yenye umbo la padi, ambayo baadaye utaisikia kama mtetemo kwenye kanyagio. Kishindo ulichosikia yaelekea ni padi, au viatu vya breki ya mkono, vilivyokuwa vimegandana na chuma.

Kabla ya safari, osha magurudumu kwa maji ya bomba, kisha endesha kilomita chache ukikanyaga breki mpaka diski zipate joto na kukauka. Egesha mahali tambarare, gia iwe kwenye P, weka kabari magurudumuni, na breki ya mkono uiachie.

Mama wa Chumbageni
Shikamoo, Fundi. Mimi nina gari la haibridi, yaani la injini pamoja na mota ya umeme, nalo hushika kutu ingawa naliendesha kila siku. Je, nimekosea wapi?

Fundi Mstaafu
Marahaba, mama. Hujakosea. Ukipunguza mwendo, mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi huku ikichaji betri, hivyo padi hazigusi diski vya kutosha. Mara moja moja, barabara ikiwa tupu, kanyaga breki kwa nguvu zaidi.

Msafiri wa Pangani
Naongeza moja. Ukibadilisha diski, tafuta zilizopakwa kinga ya kutu kwenye kitovu na kingo, na umsimamie fundi akwangue habu, yaani sehemu ambayo diski hukalia, kwa brashi ya waya kabla ya kuzifunga, maana kutu ikibaki hapo diski hukaa upande na usukani hutetemeka. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe kwa milimita, baada ya herufi MIN TH.

Mkaaji wa Raskazone
Nawashukuru sana. Leo nimevua magurudumu: diski za mbele ni nzima, lakini za nyuma zina vishimo upande wa ndani, ambao sikuwahi kuutazama, kwa hiyo nimeagiza mpya. Funguo nitamwachia shemeji, alitembeze gari hadi mjini kila baada ya siku tatu.