MREJESHO: Bega langu baada ya upasuaji

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kama ukishashonwa kano za bega mazoezi tiba ni lazima, au mkono unajirudi wenyewe. Mliosema lazima, asanteni. Wiki 6 za mwanzo mkono ulifungwa kifuani. Kazi yangu ilikuwa kuinama na kuuacha ubembee tu. Baadaye nikaanza kupandisha vidole ukutani, kila siku naweka alama ya chaki (mama watoto alinuna, rangi yenyewe mpya). Kulia usiku kumekwisha. Ndoo ya maji bado sibebi, mtaalamu kakataa katakata. Ila huu ni mwezi wa 5 tangu upasuaji, na jana nimetoka Mbagala hadi Kariakoo nimeshika bomba kwenye daladala, kwa mkono uleule.